Maua ya Mdanzi: Uhakiki wa Istilahi

Katika tafsiri za mapishi na za maelezo ya manukato, maji yanayokenekwa kutokana na maua ya miti ya jamii ya michungwa huitwa na baadhi ya wafasiri "maji ya machungwa", na wengine "marashi ya machungwa". Kwa maoni yetu, majina yote mawili hayafai.

La kwanza lina maana yake tayari: ni maji yaliyokamuliwa katika tunda. Mpishi wa Kiabakari, mkoani Mara, akiagizwa kutia kijiko cha maji hayo katika shira, atakamua chungwa, wala hatakuwa na kosa. La pili lina hatari zaidi. Pwani, marashi ya mawaridi hunyunyiziwa wageni kwa mrashi, na pia hutiwa katika halua. Bara, marashi ni manukato ya mwili yauzwayo dukani, nayo hayaliwi. Neno lisilo na madhara Unguja laweza kumdhuru mpishi wa Kiabakari.

Tena, mti wenyewe umekosewa. Maua yatumiwayo zaidi kwa kazi hii, huko Moroko na Lebanoni, si ya mchungwa mtamu bali ni ya mdanzi, ambao tunda lake ni kali. Neno hili si la kubuni: watu wa pwani wanalo tangu zamani, na kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 imelitaja.

Maua yanapokenekwa, mvuke hupozwa ukawa maji, na mafuta hutengana nayo. Mafuta huwafaa watengenezaji wa manukato. Maji yenye harufu huwafaa wapishi wa vitu vitamu. Majani na vitawi hutoa mafuta mengine, yenye harufu tofauti. Kwa hiyo twapendekeza istilahi tatu: maji ya maua ya mdanzi, mafuta ya maua ya mdanzi, na mafuta ya majani ya mdanzi.

Huenda ikasemwa kwamba mwanafunzi wa Kiabakari hamjui mdanzi. Ni kweli kwamba wengi hawaujui mti huo, basi mfasiri aeleze mara ya kwanza: "mdanzi, yaani mti wa jamii ya mchungwa wenye matunda makali." Neno geni humfanya msomaji aulize, neno lililokosewa humfanya aamini. Mwalimu aweza kulijibu swali, lakini kosa lililokwisha kuaminiwa ni kazi kubwa kuling'oa.