Chuma Rahisi na Aliyesimama Mbele Yake

Methali inasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa bastola za bei nafuu methali hii haifanyi kazi, kwa sababu nzuri na mbaya zote hutembezwa na watu walewale: wahakiki wa silaha. Wana lugha yao, mpangilio wao na hata kibwagizo chao. Kibwagizo hicho ni kwamba bastola imepiga risasi 500 bila kukwama. Ukishasoma sentensi hiyo unajua hukumu imekaribia: chuma imara, bei ya kawaida, inategemewa, nunua.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika fasihi, na kazi yangu ni kusoma maandishi na kuuliza yanaona nini na yanaficha nini. Nisingesoma tathmini za bastola kwa hiari yangu. Nilizisoma kwa sababu baba yangu mdogo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na Rubya, ambaye pia ni wakala wa fedha kwa simu, alivunjiwa duka usiku. Baada ya hapo akaanza kunitumia picha za bastola. "Wewe ndiye msomi, mwanangu," aliniandikia. "Niambie ipi ni nzima." Nikasoma, na nilichokiona kinastahili kuhakikiwa kama maandishi mengine yoyote.

Nianze na haki yao. Wahakiki wazuri wa bastola za chuma wanajua wanachokisema. Wanaeleza kwa nini bastola yenye fremu ya chuma inaweza kuuzwa kwa bei ndogo. M1911, iliyobuniwa na John Browning na kupokewa na jeshi la Marekani mwaka 1911, haina tena mwenye hati ya ubunifu wa kulipwa. Ndiyo maana Armscor ya Marikina, Ufilipino, na Tisaş ya Trabzon, Uturuki, zinaweza kuitengeneza bila gharama ya kubuni kitu kipya. CZ 75, iliyotoka Chekoslovakia mwaka 1975, nayo imeigwa Italia, Uturuki na China. Msomaji wa magazeti ya Kenya anaifahamu familia hii bila kujijua: Ceska na Jericho, majina yanayojitokeza kila mara polisi wanapotajwa, ni ndugu, kwa maana Jericho ya Israel ilichipuka kutoka nakala za Kiitaliano za CZ 75.

Wanaeleza pia kwa nini mtu atake chuma wakati plastiki ni nyepesi. M1911 tupu ina uzito wa takriban kilo 1.1, na uzito huo humeza sehemu ya msukumo wa nyuma, hivyo mkono unatikisika kidogo. Wanatofautisha chuma kilichofuliwa na kilichomiminwa. Wanatazama visehemu vidogo, kwa sababu kiwanda kinachobana matumizi huanzia huko na kwenye unadhifu wa nje. Wanakumbusha kwamba bastola nyingi hukwama kwa sababu ya kasha la risasi lililopinda midomo, wakati mtutu wenyewe hauna kosa. Huu ni uhakiki wa kweli: unatenganisha urembo na kazi, na haukubali kwamba bei peke yake inatosha kuwa hukumu.

Lakini kibwagizo cha risasi 500 hakibebi mzigo kinaotwishwa. Jambo lisipotokea hata mara moja katika majaribio 500, takwimu zinaturuhusu kusema tu, kwa uhakika wa asilimia 95, kwamba kiwango chake halisi hakizidi takriban 3 katika 500, yaani mara moja katika kila 167. Hapo ni kwa bastola moja, mikononi mwa mtu mmoja, kwa risasi za aina moja, katika hali ya hewa aliyoichagua mwenyewe. Mara nyingi bastola hiyo imeazimwa na kampuni inayoiuza. Kutoka kwenye bastola moja mhakiki anaruka hadi kwenye maelfu yaliyotoka kiwandani, na kutoka uwanja wake wa shabaha hadi kwenye kabati la mtu wa Muleba. Ni sawa na mimi kusoma shairi moja la mshairi na kuhukumu diwani yake yote.

Baba mdogo hangeruka hivyo dukani kwake. Yeye ni mhakiki wa chuma rahisi kuliko wote ninaowajua. Nondo ikiletwa kwa jina la milimita 12, anaipima, maana anajua nondo nyembamba inavyoweza kubeba jina nene. Panga analigonga na kusikiliza mlio. Bati analishika ukingo kabla ya kuamini geji iliyopigwa chapa. Na juu ya ujuzi huo kuna kitu kinachomlinda kuliko vipimo vyote: jembe bovu hurudi. Mkulima wa Ihangiro aliyenunua jembe likakunjika shambani atalirudisha likiwa na udongo wake, na ataongea mbele ya wateja wengine. Soko la majembe linajisahihisha kwa sababu aliyeumizwa na chuma kibovu bado anaweza kusema.

Bastola mbovu hairudi dukani namna hiyo. Iliyokataa usiku wa hatari huenda imemwacha mwenyewe bila kauli, na iliyotii mahali isipopaswa kutii imemnyamazisha mtu mwingine. Ushahidi muhimu kuliko wote kuhusu silaha hii uko kwa watu wasioweza kuandika tathmini.

Ulaya waliliona tatizo la kwanza zamani. Liège walianza kupima mitutu mwaka 1672, Birmingham ikapata nyumba yake ya upimaji mwaka 1813, na mwaka 1914 nchi kadhaa zikaanza kuoanisha mihuri yao. Mtutu unapigwa risasi yenye shinikizo kuliko la kawaida, na ukistahimili unapigwa muhuri. Baadhi ya bastola za bei nafuu zina mihuri ya aina hii leo, na mhakiki asiyeitafuta hajaanza kazi. Lakini muhuri huo unamlinda aliyeshika. Hausemi neno kuhusu aliyeelekezewa.

Sisi huku tuliandikiwa ubora wetu kwa namna nyingine. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulipiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, ila bunduki za zamani za jiwe zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuruhusiwa kwa masharti. Mkataba ulijitambulisha kuwa wa kupinga biashara ya utumwa. Uliamua pia, kwa maandishi, nani duniani atakuwa na silaha inayotegemewa na nani atabaki na inayokataa. Kagera imo ndani ya mistari hiyo.

Kiswahili kilitunza kumbukumbu ya silaha hizo kwa ukali. Bunduki ya jiwe ni gumegume, na hadi leo mwanamume asiyefaa kitu huitwa mwanamume gumegume. Ninalipenda neno hili kama mhakiki, kwa sababu linapima kutegemewa kwa kuangalia uhusiano: gumegume ni kile kilichobeba jina la kukulinda, kisha siku ya siku hakikukulinda. Lakini neno hili nalo lina upofu wake. Linadhani kwamba kinyume cha gumegume, yaani kile kinachotii kila mara, lazima kiwe chema.

Hapo ndipo ninapoikumbuka tathmini ya zamani zaidi ya bunduki ninayoifahamu kutoka pande zetu. John Hanning Speke alikaa Karagwe kwa Rumanyika kuanzia mwishoni mwa mwaka 1861, kisha mwanzoni mwa mwaka 1862 akafika Buganda kwa Kabaka Mutesa akiwa na zawadi za bunduki. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 anasimulia kwamba Mutesa alimpa kijana wa kasri bunduki iliyojazwa, akamwambia atoke nje akampige mtu. Kijana akaenda, akarudi na furaha kama ya mtoto aliyefanikiwa mchezo, na akathibitisha kwamba ameifanya kazi vizuri. Speke anaongeza kwamba hakuwahi kusikia aliyeuawa ni nani, na hakuona mtu aliyetaka kujua.

Tunaweza kumsoma Speke kwa tahadhari, maana alikuwa na sababu zake za kuichora Buganda hivyo mbele ya wasomaji wa Uingereza, na bunduki aliileta yeye. Lakini kama maandishi, kipande hicho kina viungo vyote vya tathmini ya leo. Kuna bidhaa, kuna jaribio, kuna matokeo, kuna mjaribu mwenye tabasamu. Imepiga, haikukwama, inategemewa. Kinachokosekana ni jina la aliyesimama mbele ya mtutu. Tathmini za bastola za bei nafuu zimeweka karatasi ya shabaha mahali pa mtu yule, na ni jambo jema. Ila pengo halijajazwa.

Wahaya tuna fahari yetu ya chuma. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya utafiti wao huku Buhaya, ambako wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani walijenga tanuri na kuonyesha kazi ile upya. Watafiti hao walisema wahenga wetu walipata chuma chenye kaboni, cha ubora wa juu, kwa kupasha moto hewa kabla haijafika katikati ya tanuri. Wanasayansi wengine wamebishana nao kuhusu joto na hewa, lakini kuanzia Katuruka hadi Kemondo mabaki ya matanuri yapo. Kilichoiua kazi ile ni chuma cha kutoka nje: rahisi, kingi, kisichohitaji mkaa wala siku za kazi. Kwa hiyo siwezi kukidharau chuma rahisi kwa sababu ya bei yake. Kimelima mashamba yetu na kuezeka nyumba zetu. Ninachodai ni kwamba kila chuma kipimwe mahali kitakapofanyia kazi.

Basi tuipime bastola ya fremu ya chuma Rubya. Mvua zetu ni nyingi, na chuma kilichotiwa rangi hafifu hushika kutu kikiwa kabatini. Fundi wa silaha hayuko karibu. Risasi 500 za kuizoea bastola hakuna mwenye duka atakayezinunua, kwa hiyo itabaki na risasi chache zilizokaa miaka. Uzito uliosifiwa uwanjani unakuwa adha kwenye pikipiki, na kinachokera kubebwa huachwa nyumbani. Nyumbani kuna watoto. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mmiliki awe na kibali na aitunze silaha kwa usalama, lakini sheria haiwezi kukaa mlangoni usiku kucha. Hakuna tathmini niliyoisoma iliyopima hata moja kati ya hali hizi, na hizi ndizo hali ambamo bastola ya baba mdogo ingeishi karibu siku zake zote.

Nilimwandikia haya. Alijibu kwa swali la mama mdogo, aliyekuwa amekaa karibu naye: "Hiyo inayokubali kila mara, inamkubali nani?" Hajajaza fomu ya maombi, wala hajaitupa.

Swali lile lina uhakiki kuliko kurasa nyingi nilizosoma. Tunaposema mtu anategemewa, tunamaanisha anajua lini akatae. Mlinzi anayetegemewa humfungulia mwenye nyumba na kumzuia mgeni. Mbwa hubweka kwa mmoja na kutikisa mkia kwa mwingine. Bastola iliyofaulu majaribio yote inamtii mwenyewe, mwizi aliyeikuta kwanza, na mtoto aliyepanda kiti, kwa usawa uleule na kwa risasi ya kwanza. Kadiri chuma kilivyo bora ndivyo utii huo unavyokamilika.

Tathmini ninayoidai ingeanza pale hizi zinapoishia. Ingesema majaribio yalifanywa kwa bastola ngapi, na nani alizitoa. Ingeitafuta mihuri. Ingeiacha bastola kabatini msimu mzima wa masika kabla ya kuipiga. Ingemuuliza mwenye nyumba funguo anaziweka wapi, na watoto wanajua nini kuhusu funguo hizo. Kisha, kabla ya kuandika neno "inategemewa", ingemtafuta mtu aliyewahi kusimama upande wa pili wa mtutu, ikaandika jina lake.