Upanga na Mkate: Kumsoma Upya Luther juu ya Serikali

Kitabu cha Martin Luther juu ya mamlaka ya kidunia, na mpaka wa utii tunaopaswa kuyapa, kilitolewa mwaka 1523. Miongoni mwetu hutajwa mara nyingi kuliko kinavyosomwa, na kwa kawaida hutajwa pamoja na Warumi 13 ili kuhimiza utii. Makala haya yanadai kwamba kitabu hicho kina nguvu mahali tusipopatazama, na kina upungufu mahali tunapokitegemea.

Chanzo chake chajulikana. Mnamo Septemba 1522 Luther alitoa Agano Jipya kwa Kijerumani. Mtawala George wa Saxony alilipiga marufuku, akaamuru raia wasalimishe nakala zao. Ndiyo maana sehemu ya pili, ihusuyo mpaka wa mamlaka, ni kiini cha kitabu. Serikali ina uwezo juu ya mwili na mali, bali roho ni ya Mungu peke yake. Mtawala akidai Agano Jipya, Mkristo asilitoe. Akinyang'anywa kwa nguvu, avumilie. Basi anayekitumia kitabu hiki kufundisha utii usio na kikomo hajakisoma.

Upungufu umo katika sehemu ya tatu. Humo Luther anamwagiza mtawala Mkristo asitafute faida yake, bali awatumikie na kuwalinda watu wake. Agizo ni jema, lakini usalama wa mnyonge umeachwa kwa dhamiri ya mtawala. Je, dhamiri hiyo ikilala? Raia hapewi njia yoyote ya kudai haki ila neno na uvumilivu. Mwaka 1525 wakulima walitoa madai yao katika Vifungu Kumi na Viwili. Kwanza Luther aliwakemea watawala kwa kuwanyonya watu. Uasi ulipoenea, aliwahimiza watawala hao hao wawapige waasi bila huruma. Mei 1525, huko Frankenhausen, maelfu ya wakulima waliuawa. Hatuwezi kuitetea kauli ile, wala haitoshi kusema kwamba alikuwa na hasira. Fundisho lililompa mtawala upanga halikuwa limempa mkulima pa kupeleka malalamiko yake.

Hata hivyo, dawa imo katika maandiko ya Luther mwenyewe. Mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani waanzishe shule, akiwakumbuka wasichana pia. Mwaka 1529, katika Katekismo Ndogo, aliiweka serikali njema ndani ya ombi la mkate wa kila siku. Katika Katekismo Kubwa aliongeza kwamba ingefaa ngao ya mtawala mwema ichorwe mkate badala ya simba, au mkate upigwe chapa kwenye sarafu, ili mtawala na raia wakumbuke kazi ya ofisi hiyo ni nini.

Picha hii inapaswa kusahihisha ile ya upanga. Upanga huzuia uovu, lakini haujengi shule wala haumlishi mjane. Serikali hutengeneza jamii kwa yale inayoyawezesha kama inavyofanya kwa yale inayoyakataza, nayo ipimwe kwa yote mawili.

Kwa hiyo mchungaji anayehubiri Warumi 13 na ahubiri pia ombi la nne la Sala ya Bwana. Kila Jumapili tunaiombea serikali. Tukiisha kuomba mkate huo mbele za Mungu, hatuwezi kunyamaza mbele ya watawala pale jirani yetu anapoukosa.