Jiwe Lisilo na wa Kulifunika: Mchezo wa Ubao katika Darasa la Kiswahili, West Nile

Mchezo wa ubao wa watu wawili unaotokana na jiwe, karatasi na mkasi husifiwa kwa kukosa mfalme. Jiwe huvunja mkasi, mkasi hukata karatasi, karatasi hufunika jiwe. Hakuna kete isiyo na mshindi wake. Sifa hiyo haidumu ubaoni, na kasoro hii huwa nzito zaidi mchezo unapopelekwa darasani.

Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoelekeza, Julai 2022, kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, suala la zana za kufundishia limezidi kuwa la dharura katika maeneo kama Lurujo, upande wa Arua na Koboko. Kilugbara na Kikakwa si lugha za Kibantu. Kinubi, krioli iliyotokana na Kiarabu, hakina ngeli. Kiswahili cha kambi za jeshi kinasikika, na cha wakimbizi wa Kongo waliopo Lobule pia, ila upatanisho wake mara nyingi si ule unaodaiwa na mtihani.

Hapo mchezo unatoa zawadi ambayo pengine haikukusudiwa na yeyote. Nomino zake tatu ni za ngeli tatu. Mchezaji akilazimika kutamka kila kete inapoliwa, atasema mkasi umevunjwa, karatasi imekatwa, jiwe limefunikwa. Na zikihesabiwa mwishoni, mikasi imevunjwa, karatasi zimekatwa, mawe yamefunikwa. Kauli ya kutendwa na upatanisho wa kisarufi vinafunzwa kwa pamoja, tena kwa sababu ambayo mtoto anaijali. Majedwali ya ngeli yaliyozoeleka vitabuni hayana mvuto huo.

Lakini katika mchezo wa mikono kila duru huanza upya na ishara zote tatu hurudi. Ubaoni kete iliyoliwa imekwenda. Mchezaji akipoteza karatasi zake zote, mawe ya mpinzani hayana tena wa kuyafunika: kanuni ingali ileile, na mfalme amekwisha kuzaliwa. Sentensi kuhusu mawe yake kufunikwa haitamkwi tena hadi mwisho. Sarufi inapungua kadiri mchezo unavyokolea, yaani wakati hasa ambapo mwanafunzi yu makini zaidi.

Biolojia inaeleza kwa nini. Mwaka 2002, katika jarida la Nature, Benjamin Kerr na wenzake walichunguza aina tatu za bakteria wa E. koli wanaoshindana kwa mzunguko kama huu. Walipokuzwa kwenye sahani, kila mmoja akigusana na majirani zake tu, aina zote tatu zilidumu. Walipochanganywa katika chupa, ilibaki moja. Ubao mdogo, ambamo kete hufika kila kona kwa hatua mbili tatu, uko karibu zaidi na chupa kuliko sahani. Anayeuchonga kwa udogo ili kuokoa mbao anabadili mchezo wenyewe.

Bao la Kiswahili, sawa na omweso wa Buganda, lilikwisha kulitatua jambo hili kwa njia nyingine. Kete zake 64 hazitoki ubaoni. Zilizoliwa husambazwa upande wa mlaji. Kete zote ni za aina moja, na nguvu hutokana na mahali zilipo. Mchezo wa jiwe ungeweza kuazima kanuni hiyo: kete iliyoliwa irudishwe ubaoni kama mali ya aliyeila. Hapo aliyeishiwa karatasi bado anaweza kuzipata kwa mkasi wake, na sentensi zote tatu zikaendelea kusikika.

Azimo hilo lina gharama. Mchezo ambao kete haziishi hauwezi kumalizwa kwa kumaliza kete, na kipindi cha sekondari ni dakika 40. Ushindi ungepaswa kupimwa kwa jambo jingine, kwa mfano kuvusha kete moja ya kila aina hadi mstari wa mwisho wa mpinzani, ambapo mchezaji angehitaji kutamka: jiwe limevuka, mkasi umevuka, karatasi imevuka.