Nyota za Ukingoni

Mwezi wa saba, kipupwe kimekolea na upepo wa kusi unavuma, watu wa Forodhani huinua shingo kutafuta nyota utosini. Manahodha wa zamani hawakuanzia huko. Nyota iliyo juu ya kichwa haikuonyeshi njia. Nyota ya kazi ni ile ya ukingoni, inayotoka majini au inayoingia majini, kwani pahala pake pa kuchomozea hapabadiliki mwaka mzima.

Dira ya nyota ya Bahari ya Hindi ilijengwa juu ya ujuzi huo: nyota 15, kila moja na machomozeo yake na machweo yake, ndizo pande 30, ukitia ncha ya kaskazini na ya kusini zinatimia 32. Lugha yetu bado imeyahifadhi mabaki yake. Mzee wa jahazi akisema suheli ana maana ya kusini, na Suheli ni nyota. Nahodha alielekeza omo kwenye nyota iliyo chini. Ikishapanda mno aliiacha, akaishika nyingine iliyotokea pale pale. Ndivyo alivyokesha, mfuatano wote ameuhifadhi kichwani, na mimi sijui elimu ya moyoni iliyo nzuri kuliko hiyo.

Ahmad ibn Majid, rubani wa Julfar, aliiandika elimu hiyo karne ya 15. Vimo vya nyota vilipimwa kwa vidole, kidole kimoja kikiwa pungufu ya digrii mbili. Unguja iko digrii 6 kusini ya ikweta, kwa hiyo Jaa, nyota ya kaskazini, haionekani kwetu kamwe. Zinaonekana jirani zake mbili, Farqadan: mwezi wa saba, saa mbili usiku, zimesimama kaskazini, kiasi cha digrii 10 juu ya maji. Jahazi la Maskati liling'oa nanga likizitegemea hizo, mpaka likishapita Mogadishu, Jaa ikachungulia. Nikimfikiria kijana wa Unguja aliyeiona kwa mara ya kwanza, mwili hunisisimka.

Mei hadi Juni 2008 umeme utokao bara ulikatika, Unguja ikakaa kizani karibu mwezi mzima. Shida ilikuwa kubwa, ya maji hasa, na siipambi. Lakini juu ya mapaa ya Mji Mkongwe anga ilirudi kama walivyoiona mabaharia: Msalaba wa Kusini umesimama wima, na ule mkanda mweupe wa nyota ukishuka nyuma ya minara.

Taa zimewaka tena, na bado ukingo unasomeka. Katikati ya mwezi wa saba, saa tisa usiku ikishapita, panda juu ya paa. Magharibi, upande wa bara, moyo mwekundu wa Nge unakaribia maji. Geuka: juu ya minazi, nyuma ya Ng'ambo, Kilimia kimeshatoka.