Namna ya Kuzipambanua Ila za Bunduki ya Mosin-Nagant ya Zama za Vita

Mnunuzi aliyezoea silaha iliyosuguliwa ikang'aa, atakapoishika Mosin-Nagant ya namna ya 1891/30 iliyoundwa katika miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, akaikuta ina michirizi ya kerezo waziwazi na alama za tupa zisizofichwa, aghalabu hukata shauri papo hapo kwamba ameuziwa kitu kibovu. Na hukumu hiyo, kwa kuwa imejengwa juu ya sura peke yake, huidhulumu bunduki na kumpoteza mwenye kuitafuta iliyo njema.

Asili ya ukwaruzo huo inajulikana. Wajerumani walipoivamia Urusi tarehe 22 Juni 1941, na karakana ya Tula ikalazimika kuhamisha mitambo yake adui alipokaribia, sehemu kubwa ya kazi iliwaangukia mafundi wa Izhevsk, nao wakaiacha kila kazi ya urembo isiyomfaa askari vitani. Ndiyo maana bunduki za kabla ya vita ni laini, na zile za 1942 na 1943 zimebeba athari za vyombo vilivyozichonga.

Kwa hiyo, baada ya kuhakikisha kwamba hamna risasi katika chemba wala katika kasha lake, anza kuuliza alama ipo mahali gani, na ni chuma kipi kinachoigusa. Michirizi ya juu ya mwili wa mtambo, pale kasiba inapoanzia, haigusani na kitu. Itazame kwa mwanga wa ubavuni: mistari yake huenda sambamba, kina chake hulingana, na weusi wa chuma umeingia hadi chini ya mifuo, dalili kwamba ilikuwapo kabla chuma hakijatiwa rangi. Mkwaruzo unaong'aa umekuja baadaye. Walakini bunduki nyingi zilitiwa rangi upya katika maghala ya Kisovieti baada ya vita, na rangi hiyo huweza kusitiri jeraha la zamani. Ufa haufuati njia ya chombo, bali huenda kombo, mwembamba kama unywele, na ukionekana katika chuma cha mtambo, bunduki hiyo isipigwe tena.

Mahali panapostahili ukaguzi mkali ni pane. Kwanza, meno mawili ya kichwa cha komeo, ambayo ndiyo yanayoizuia nguvu ya baruti isirudi nyuma: yote mawili yawe na mng'ao wa kugusana, kwani likiwa limeng'aa moja tu, mzigo haukugawanyika kwa uadilifu. Pili, chemba, ambamo mchirizi wa kuzunguka hulishika ganda la risasi lisitoke; ila komeo likiwa zito kufunguka, osha kwanza mabaki ya grisi ya ghalani kabla hujamlaumu fundi. Tatu, ndani ya kasiba, ambako vishimo visivyo na mpango ni kutu iliyoletwa na chumvi za fataki za zamani ambazo hazikuoshwa kwa maji. Hilo ni kosa la mtumiaji, wala si la karakana. Nne, mdomo wa kasiba, ambapo kovu dogo la upande mmoja latosha kuipotoa shabaha.

Lipo jambo lisilohukumiwa kwa jicho, nalo ni nafasi iliyo baina ya uso wa komeo na kitako cha risasi. Risasi hii ya milimita 7.62 ina ukingo uliotokeza, na kwa ukingo huo nafasi hupimwa, kwa vipimo maalumu vya fundi wa silaha. Nambari ya komeo ikihitilafiana na ya kasiba, kipimo hicho ni faradhi.

Basi bunduki iliyokwaruzika nje, lakini imesalimika mahali pane na kupita katika kipimo, ichukue kwa moyo mkunjufu, na ile iliyopendeza nje hali mdomo wake umelika, iache hata ikiwa rahisi. Tena mwenye kuipata asiisugue kwa msasa, kwa maana ataondoa ushahidi wa kazi ya 1942, na ubora wa bunduki hautazidi hata chembe.