Mpiga na Mpigwa: Uhakiki wa Picha za Studio za Brighton, 1841–1915

Mwalimu wa sarufi atatuambia kwamba katika sentensi "mpigapicha amempiga Yohana picha" mtenda ni mpigapicha, naye Yohana ni mtendwa. Hapana ubishi juu ya hilo. Lakini msomaji awasikilize watu wanavyosema wenyewe. Yohana huyo, akitoka studio na nguo zake za Jumapili, hasemi kila mara "nimepigwa picha". Mara nyingi husema "nimepiga picha", na kwetu Katanga, "nimepiga foto". Yeye aliyekaa kitini, asiyeigusa kamera hata kwa kidole, anajitwalia kitenzi cha kutenda. Wengine wataliita kosa. Sisi tunaona kwamba ni uhakiki uliofichwa ndani ya lugha, na katika makala haya tunakusudia kuujaribu juu ya kazi isiyofanywa kwa Kiswahili wala katika nchi zetu: picha za sura za watu zilizopigwa katika mji wa Brighton, pwani ya kusini ya Uingereza, tangu zama za Malkia Victoria hadi miaka michache baada ya kufa kwa Mfalme Edward VII mwaka 1910.

Brighton tumeuchagua kwa sababu moja iliyo wazi. Tarehe 21 Septemba 1841 reli ya kutoka London ilifika katika mji huo wa mapumziko, na tarehe 8 Novemba mwaka huohuo, wiki saba tu baadaye, William Constable akafungua nyumba yake ya picha katika barabara ya Marine Parade, ikitazama bahari. Wageni na kamera waliingia mjini karibu pamoja. Constable hakuwa kijana wala msanii. Alizaliwa mwaka 1783, na alikuwa amefanya kazi ya kupima ardhi na barabara. Leseni aliinunua kwa Richard Beard, mfanyabiashara wa makaa ya mawe aliyekuwa amejipatia haki za uvumbuzi wa Daguerre katika Uingereza na kufungua studio yake mjini London mwezi wa Machi 1841. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza sanaa hii ilikuwa biashara yenye hati, na bei yake katika nyumba za namna hiyo ilikuwa gini moja, yaani shilingi 21, fedha iliyozidi ujira wa wiki nzima wa kibarua wa shambani.

Yafaa tukumbuke dagerotipi ilikuwa kitu gani. Ni bamba la shaba lililopakwa fedha, likang'arishwa mpaka likawa kioo, likafukizwa kwa iodini, likaelekezwa kwa mwenye sura, kisha likapitishwa juu ya mvuke wa zebaki ili picha ijitokeze. Haikuwa na nakala. Ilitiwa ndani ya kijaluba, na aliyetaka kuitazama ilimbidi aligeuzegeuze bamba, maana kwa pembe moja aliiona sura ya mwenziwe na kwa pembe nyingine aliiona sura yake mwenyewe. Mpigwaji alikaa chini ya paa la vioo, kichwa kikishikiliwa nyuma kwa chuma, asitikisike. Mwezi wa Machi 1842 mume wa Malkia, Prince Albert, alikwenda kwa Constable, na picha aliyoipata ndiyo ya kale kuliko zote zilizosalia za mtu wa ukoo wa kifalme wa Uingereza. Hapa hakuna fumbo lolote kuhusu jina. Aliyepigwa alijulikana kuliko aliyempiga, na lau si yeye, ni wachache leo ambao wangemkumbuka Constable.

Mambo yaligeuka baada ya mwaka 1851, Frederick Scott Archer alipotangaza njia ya kolodioni, ya kupiga picha juu ya kioo kibichi, bila kuilinda kwa hati yoyote. Kioo kimoja kiliweza sasa kuzaa nakala nyingi za karatasi. Mfaransa Disdéri akajipatia hati mwaka 1854 ya kupiga sura kadhaa, kwa kawaida nane, juu ya kioo kimoja, na hapo zikazaliwa zile ziitwazo kadi za ziara, kwa kuwa ukubwa wake, sentimita 10 kwa 6 hivi, ulilingana na kadi ambayo bwana aliiacha mlangoni alipomzuru mwenziwe. Mwaka 1860 J. E. Mayall alichapisha mjini London albamu ya kadi za Malkia na jamaa zake, na nchi nzima ikashikwa na shauku ya kukusanya sura. Mayall huyu alihamia Brighton mwaka 1864, akafungua studio katika King's Road, barabara ileile ya ufukoni walikofanyia kazi Hennah na Kent, na mwaka 1877 akawa meya wa mji. Tangu Constable hadi Mayall mpigapicha alipanda, kutoka mwenye leseni ya kununua hadi mkuu wa mji.

Sasa tunamwomba msomaji aigeuze kadi. Historia nyingi za wapigapicha wa miji hutazama upande wa mbele kwa heshima na upande wa nyuma kwa faida: nyuma huwapa anwani, anwani huwapa mwaka. Ni kazi ya uvumilivu na hatuidharau, kwani bila orodha hizo hata sisi tusingejua pa kuanzia. Hata hivyo orodha huishia pale uhakiki unapotakiwa kuanza. Nyuma ya kadi ni maandishi, na maandishi husomwa. Pameandikwa nini? Jina la mpigapicha kwa herufi za mapambo, barabara yake, nishani alizozipata katika maonyesho, pengine ngao ya kifalme ikiwa aliwahi kumpiga mkubwa fulani, na tangazo kwamba kioo cha asili kimehifadhiwa na kwamba nakala zaweza kuagizwa wakati wowote. Jina la mtu aliye mbele halipo. Ikiwa shangazi au mjukuu hakuliandika kwa kalamu, limepotea. Ndiyo maana makumbusho na masoko ya vitu vya kale yamejaa nyuso zinazotutazama kwa uthabiti mkubwa, kila mmoja akiwa na jina la mtu mwingine mgongoni.

Wahakiki wa zama zile hawakuligusa jambo hili. Lady Elizabeth Eastlake, katika makala yake ya mwaka 1857, alisema kwa busara kwamba picha ya kamera isihesabiwe kuwa sanaa ya mchoraji, kwa sababu ni njia mpya ya watu kupashana habari. Baudelaire, mwaka 1859, aliwacheka watu waliokimbilia studio kujitazama. Mmoja aliona ujumbe, mwingine akaona majivuno, na wote wawili walimsahau aliyejikalisha. Hata Roland Barthes, ambaye kitabu chake cha mwaka 1980 kinasomwa sana miongoni mwetu kwa Kifaransa chake, anatusaidia kwa nusu tu. Kurasa zake bora zinahusu picha ya mama yake mzazi alipokuwa mtoto mwaka 1898, picha ambayo alikataa kuichapisha. Anaisoma kwa uchungu kwa sababu anajua ni nani. Mbele ya kadi isiyo na jina uchungu wake hauna pa kushika, na njia yake inageuka kuwa udadisi juu ya kola au kidole.

Turudi basi kwenye kitenzi chetu. Aliyeingia studio ya King's Road hakuingia kama jiwe. Alichagua siku, alichagua nguo, alilipa, alichagua atakaowapelekea nakala. Mpigapicha alitoa nuru, kiti, nguzo ya mbao iliyopakwa rangi ya marmari, na baadaye, katika miji ya pwani, pazia lililochorwa mawimbi pamoja na mashua ya ubao isiyoweza kuelea. (Mgeni aliyesafiri kwa treni kuja kuona bahari alipigwa mbele ya bahari ya rangi, ilhali ile ya kweli ilikuwa ng'ambo ya barabara. Tusicheke upesi. Kioo kibichi kilidai chumba cha giza karibu, nao upepo wa ufukoni haungojei.) Ushirikiano huo wa watu wawili ndio fani ya picha ya studio. Kadi, kwa kulitaja jina moja tu, ilitoa hukumu juu ya nani mwandishi, nasi tumeipokea hukumu hiyo bila rufani.

Hapa mtu aweza kutupinga: je, kila mpigwaji ni mpiga? Mfano wa Sarah Forbes Bonetta unatulazimisha kujibu kwa uangalifu. Alikuwa mtoto wa nchi ya Wayoruba aliyetekwa na majeshi ya Dahomey. Mwaka 1850 Mfalme Ghezo alimtoa kwa nahodha Frederick Forbes, awe zawadi kwa Malkia Victoria. Jina la Forbes ni la nahodha, na Bonetta ni la meli yake. Tarehe 14 Agosti 1862 aliolewa na mfanyabiashara James Davies katika kanisa la Mtakatifu Nikolasi, Brighton, mbele ya umati mkubwa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 15 Septemba, alikaa mbele ya kamera ya Camille Silvy, mjini London na si Brighton. Tunaijua tarehe kwa sababu daftari za Silvy zimesalia, na ndani yake kila kikao kina namba na jina. Katika picha hizo amevaa gauni pana la mtindo wa wakati ule, na katika baadhi yake yuko pamoja na mumewe. Ni vigumu kusema ni kiasi gani cha picha ile ni chake, maana gauni ni la Waingereza na hata jina alilipewa. Lakini yupo kama Bibi Davies, mtu mwenye siku yake na ukurasa wake, na hilo kadi za Brighton ziliwanyima maelfu ya Waingereza waliozaliwa huru. Tunaloliona hapa ni kwamba jina husalia panapokuwa na daftari. Uhuru wa mpigwaji ni swali jingine, na hatupendi kuyachanganya mawili hayo kwa ajili ya nadharia.

Kuhusu wapigapicha wa ufukoni, waliouza picha za bati kwa bei ndogo, hatuna mengi ya kusema. Bati lao kwa kawaida halikuwa na jina la yeyote. Wala hatutakaa kwa Esmé Collings, mpiga picha za sura aliyeanza kutengeneza filamu fupi mwaka 1896, ingawa anastahili makala yake.

Badiliko la maana zaidi, kwa maoni yetu, lilitoka posta, na historia za sanaa hulipita haraka. Mwaka 1902 posta ya Uingereza iliruhusu nyuma ya postikadi igawanywe kwa mstari, anwani upande mmoja na ujumbe upande wa pili. Studio zikaanza kuchapa sura za wateja juu ya karatasi ya postikadi. Jina la mpigapicha likapungua, likawa muhuri mdogo pembeni. Na mgongo wa picha, uliokuwa tangazo la Mayall na wenzake kwa miaka arobaini, ukarudi mikononi mwa mteja. Sasa msichana wa dukani aliandika kwa mkono wake kwamba huyu ni yeye, kwamba hali ya hewa ni nzuri, kwamba atarudi Jumatatu. Kisanaa picha nyingi za zama za Edward ni dhaifu kuliko kadi bora za miaka ya 1860: nuru ni ya haraka, pazia limechakaa. Lakini ni kamili zaidi, kwa sababu pande zake mbili zinazungumza juu ya mtu mmoja. Wale wanaoziweka chini kwa sababu ya uduni wa karatasi wanahukumu nusu ya kazi.

Ukamilifu huo ulikuwa na mipaka yake, nayo ilionekana miaka michache baadaye. Kuanzia Desemba 1914 jumba la kifalme la Brighton, lililojengwa upya na John Nash kwa kuiga makuba ya India, lilifanywa hospitali ya askari wa Kihindi waliojeruhiwa katika vita vya Ufaransa. A. H. Fry, mpigapicha wa mjini, alipiga vitanda vilivyopangwa safu kwa safu chini ya taa kubwa na mapambo ya dari. Picha hizo zilitumiwa kuonyesha jinsi Mfalme anavyowatunza raia zake wa mbali, na nyingine ziliuzwa kama postikadi. Ni kazi ya fundi: nafasi imetawaliwa vizuri, na jicho linapanda lenyewe kutoka vitandani hadi juu ya kuba. Huko ndiko linakotakiwa kwenda. Wagonjwa hawakuchagua siku wala nguo wala kamera, na barua walizowaandikia jamaa zao zilipitiwa na wakaguzi wa jeshi. Mgongo wa postikadi ulikuwa wa mnunuzi. Maelezo yake yanalitaja jumba. Hapa, na tunasema kwa uzito wote, mtu hawezi kusema "nimepiga picha". Sarufi ya mwalimu wetu wa mwanzo inapata ushindi wake kamili.

Askari Wahindu na Masingasinga waliofia Brighton walichomwa kwa desturi za dini zao juu ya vilima karibu na Patcham, na mwaka 1921 mnara mweupe uitwao Chattri ulizinduliwa mahali hapo. Haukuwa na majina yao. Mwaka 2010 liliwekwa jiwe jirani lenye majina 53. Orodha hiyo haina sura hata moja, na picha za Fry, zinazohifadhiwa na kuchapishwa kwa jina la Fry, hazina majina.