Fundi Aliyezihesabu Herufi

Alfred Mosher Butts alikuwa msanifu majengo, mzaliwa wa Poughkeepsie katika jimbo la New York. Mwaka 1931 yalimfika yaliyowafika mafundi wengi wa Marekani: Mdororo Mkuu wa uchumi ulisimamisha ujenzi, naye akaachishwa kazi. Nyumbani kwake Jackson Heights, mtaa wa Queens, alibaki na rula, kalamu za wino, karatasi za kuchorea na muda mwingi. Akaamua kubuni mchezo.

Hakukurupuka. Aliichambua kwanza michezo iliyokuwapo na kuigawa mafungu matatu: ya namba, kama dadu na bingo, ya kusogeza kete, kama sataranji, na ya maneno. Mchezo wa dadu ni bahati tupu. Sataranji nayo ni akili tupu, anayeanza hana pa kushika mbele ya mkongwe. Butts alitaka mchezo wa maneno wenye bahati kidogo na akili nyingi, wachezaji wakichota herufi bila kuziona kisha wakaziunga kuwa maneno.

Hapo swali likamkabili: herufi zipi, na ngapi ngapi? Ukiweka Q sawa na E, mchezo utakwama mizunguko ya mwanzo tu. Jibu alilianzia kwenye hadithi ya Edgar Allan Poe, The Gold-Bug, ambamo mhusika anafumbua maandishi ya siri kwa kuangalia alama ipi inajirudia sana. Butts akachukua magazeti, ukurasa wa mbele wa New York Times ukiwemo, akaanza kuhesabu.

Ningependa msomaji aitazame kazi hiyo kwa karibu. Gazeti liko mezani, pembeni pana karatasi yenye herufi 26 zilizopangwa kutoka A hadi Z. Unaligusa neno la kwanza kwa ncha ya penseli. Kila herufi unayoiona unaitilia alama kwenye safu yake, kisha unarudi gazetini pale pale ulipoachia. Ukipotea kwa neno moja tu, mstari mzima ni wa kurudiwa. Na macho ya mtu anayejua kusoma hayaipendi kazi hii, maana yanataka habari. Kichwa kinatangaza benki imefungwa, nayo akili inataka kujua ni benki gani na wenye fedha wamefanywaje. Mhesabuji ajizuie, aone B, A, N, K, asonge mbele. Hiyo ndiyo nidhamu ninayoistaajabia kuliko hata ubunifu wenyewe. Wazo la mchezo huweza kumjia mtu akiwa njiani. Kuhesabu maelfu ya herufi kwa mkono hakumjii mtu, hufanywa.

Na hesabu ya gazeti peke yake haikutosha. Kiingereza cha gazetini kimejaa neno moja la herufi tatu, "the", karibu kila mstari, na kwa sababu hiyo H huonekana nyingi mno. Mezani hakuna anayeliandika neno hilo mara kumi katika mchezo mmoja. Katika mpangilio uliodumu, H ni 2 tu. S nayo ilihitaji mkono wa fundi. Kwa Kiingereza, herufi hiyo ikibandikwa mwishoni hugeuza karibu kila nomino kuwa wingi. Mwenye S nyingi angekuwa anakusanya alama kwa kuning'inia kwenye maneno ya wenzake, kwa hiyo zikabanwa zikawa 4. E zilipata vibao 12, A na I 9 kila moja, O 8. Irabu zote pamoja ni 42 kati ya vibao 100, na 2 ni vitupu vya kusimama badala ya herufi yoyote. Thamani nazo zilifuata uchache: E ikapewa alama 1, K ikapewa 5, J na X zikapewa 8, Q na Z zikapewa 10.

Kazi ya mikono ilikuwa ya namna yake. Toleo la kwanza aliliita Lexiko, nalo halikuwa na ubao wa kuchezea. Mwaka 1938 ubao ukaingia, wenye miraba 15 kwa 15, na mchezaji akapewa vibao 7 mbele yake. Butts aliichora miraba kwa vifaa vyake vya usanifu, akatoa nakala kwa njia ileile ya ramani za majengo, akazibandika juu ya mbao za drafti zinazokunjwa. Herufi aliziandika kwa mkono, akazigundisha kwenye ubao wa balsa wenye unene wa robo inchi, kisha akavikata vibao vilingane na miraba. Balsa ni mti mwepesi na laini. Kisu kikiteleza kidogo, ukingo unabonyea. Vibao viwili vya ukubwa tofauti haviwezi kukaa bega kwa bega ubaoni, na mstari wa maneno ukipinda, kila neno linaloukata litapinda nao. Ndiyo maana naamini ilifaa mchezo huu ubuniwe na mtu aliyezoea ramani za nyumba.

Aliijaribu kazi yake pamoja na mkewe Nina, mwalimu wa zamani, ambaye kwa kauli ya Butts mwenyewe alikuwa mchezaji bora kuliko yeye. Kampuni za michezo zilimkatalia. Aliendelea kutengeneza seti chache kwa mkono na kuwapa marafiki, mpaka mtu mmoja aitwaye James Brunot alipochukua haki za kuutengeneza mchezo na mwaka 1948 akausajili kwa jina la Scrabble. Brunot alibadili mpangilio wa miraba inayoongeza alama na kurahisisha kanuni. Katika shule kuukuu huko Connecticut, yeye na rafiki zake waligonga muhuri wa herufi kwenye vibao kimoja kimoja, seti 12 kwa saa. Mwaka 1949 walitengeneza seti 2,400 na kupata hasara ya dola 450. Idadi za herufi alizozikokotoa Butts hazikuguswa.

Uvumilivu ule umehamia kwa wachezaji. Mchezaji makini hajifunzi maneno kwa kufuata kamusi ukurasa kwa ukurasa. Huyapanga kwa urefu, kisha kwa herufi ya kwanza. Huanza na ya herufi 2, ambayo katika orodha ya maneno ya Scrabble ya Collins iliyotoka mwaka 2019 ni 127, kwa kuwa hayo ndiyo misumari inayounga neno jipya na la zamani. Hufuata ya herufi 3. Kisha huruka hadi ya 7, maana anayemaliza vibao vyake vyote 7 kwa mkupuo hupata nyongeza ya alama 50, na ya 8, kwa kuwa vibao 7 huegemea kimoja kilichokwisha kuwekwa. Wanigeria walisifika kwa kuyathamini ya herufi 5, na Wellington Jighere wa Nigeria alitwaa ubingwa wa dunia huko Perth mwaka 2015. Mwaka huohuo Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa Kifaransa bila kukizungumza Kifaransa, kwa kuyakariri maneno.

Nawaza pia habari za lugha yetu. Vibao vya Butts ni vya Kiingereza, na kwetu vingekwama. Q na X hatuna. C bila H ni mzigo mkononi. Maneno yetu mengi huishia kwa irabu, na A 9 zingekwisha kabla ya watu kukaa vizuri. Wingi wetu haubandikwi mwishoni: kitu huwa vitu na mtu huwa watu, mabadiliko yakitokea mbele ya neno, kwa hiyo hata tahadhari juu ya S ingebidi ihamie kwingine. Na je, CH, SH na NY zikae kwenye kibao kimoja au viwili? Swali hilo halina jibu la kubahatisha.

Kwa hiyo mwalimu au mzazi anayetaka kuwatengenezea watoto mchezo wa namna hii kwa Kiswahili asiziazime idadi za Kiingereza. Achukue gazeti la Kiswahili la leo, apige safu za herufi kwenye karatasi, achonge penseli, aanze kuhesabu ukurasa wa kwanza.